Kapita Asiyeonekana

Katika mashamba makubwa ya Masisi kila mtu alimjua kapita. Alipotazama, majembe yaliharakishwa. Alipogeuka, yalipunguza mwendo. Lakini kapita huyo naye alionekana, na watu walijua amesimama wapi. Siku hizi yuko mwingine, asiye na macho wala miguu. Ni programu iliyotiwa ndani ya kompyuta ya mfanyakazi: huhesabu kila herufi anayobonyeza na kupiga picha za kioo chake. Kampuni ya Upwork, inayowaunganisha waajiri na wafanyakazi walio mbali, wengine wakiwa Nairobi, hupiga picha hiyo mara sita hivi kwa saa, kwa kazi zinazolipwa kwa saa.

Baadhi yao hufanya kazi usiku, maana kwa mwajiri wao aliyeko Marekani huo ni mchana. Hugeuza kioo kiwe cheusi chenye herufi nyeupe, macho yapate kupumzika. Ni faraja ya kweli, ingawa wakati wa mchana herufi nyeusi juu ya weupe husomeka vizuri zaidi. Lakini giza hilo halimfichi mtu; picha hupigwa vile vile.

Basi yafaa kuuliza: atendaye vema kwa sababu anatazamwa, je, huyo ni mwema? Plato, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, aliandika habari za mchungaji wa nchi ya Lidia aliyepata pete ya dhahabu. Alipoigeuza kidoleni hakuonekana tena. Akazini na malkia, akamwua mfalme, akautwaa ufalme. Katika kitabu hicho Glaucon anadai kwamba yeyote mwenye pete hiyo angefanya vivyo hivyo. Wachungaji wa Masisi wangeweza kumjibu. Hukaa milimani na ng'ombe wa mtu mwingine, wala mwenye mali hawaoni wakikamua. Kila mmoja wao amevaa pete ile tangu alfajiri. Wako wanywao kwa siri, na wako waletao maziwa yote.

Kapita mpya hawezi kuwatenganisha hao. Yeye huhesabu vidole tu. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi na wawili, waliofanya kibodi zao zionekane kama zinatumika. Walikosa, bila shaka. Lakini mashine ilidai mibonyezo, nao wakaipa mibonyezo.

Na mwajiri je? Ana haki ya kujua kama kazi yake inafanyika. Haki ya kujificha hana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 yataka mtu aelezwe ni habari gani zake zinazokusanywa na kwa sababu gani. Na huku Kongo, Kanuni ya Kidijitali ya mwaka 2023 nayo inalinda habari za watu. Amtazamaye mwenzake bila kumwambia ameivaa pete yeye mwenyewe. Naye aulizwe: picha zile za usiku, ambamo huenda imo barua ya mke au hesabu ya dawa za mtoto, zinawekwa wapi, na ni nani azifunguaye?