Igoma Kabla ya Meli

Rafiki zangu wa hapa Old Kampala huniuliza: Mwanza, mbali kote kule kusini mwa ziwa, ulikwenda kutembea au kuomboleza? Kutembea. Nilikuwa na siku moja tu kabla ya kupanda New Victoria kwenda Bukoba. Nikapiga picha Jiwe la Bismarck, nikala sato (mtamu kweli), kisha nikafika Igoma, walikozikwa wengi wa abiria wa MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996. Hapo nikaona haya, simu nikairudisha mfukoni. Lakini ni heshima gani inayotambua makaburi ya saruji peke yake? Wengine hawakuopolewa, kaburi lao ni ziwa. Jioni ile, melini, nililipiga picha kumi, nikicheka.