Kabla ya Kumfukuza, Umemfundisha?

Huyo kijana unayemlalamikia kila siku kwamba hajui kazi, nani alimfundisha? Lini? Kwa muda gani? Ukinijibu kwamba ulimwajiri akiwa anajua tayari, malalamiko ni ya nini? Ukinijibu kwamba alitakiwa ajifunze kwa kuangalia wenzake, basi ameangalia, na hayo unayoyaona leo ndiyo aliyoyaona kwao.

Wenye biashara, tuamke. Kazi mbovu nyingi tunazozisingizia uvivu ni kazi ambazo hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akazifundisha. Na ugonjwa huu dawa yake ipo. Inaweza kuanza kunywewa Jumatatu, kabla hujafungua mlango kwa mteja wa kwanza.

Twende gereji. Kazi ni kutoa upepo kwenye breki, ambayo kila spana boi ameshaiona mpaka ameichoka. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedeli, mwingine yuko chini ya gari na spana. "Kanyaga! Shika! Achia!" Ukiangalia kwa mbali, hakuna cha kujifunza pale. Lakini yapo mambo ambayo macho peke yake hayawezi kuyaokota. Kile kinati cha kutolea upepo lazima kifungwe kabla mguu haujaachia pedeli, kwa sababu mguu ukitangulia, hewa inavutwa kurudi ndani. Kwenye magari mengi mnaanzia tairi lililo mbali zaidi na mastasilinda, kisha mnasogea. Chupa ya mafuta ya breki inaangaliwa kila mara, kwani ikikauka katikati ya kazi mmeingiza upepo mwingine na mnaanza upya. Kijana aliyekariri "kanyaga, shika, achia" bila kujua sababu atapatia leo, na kesho atamkabidhi mteja gari ambalo pedeli yake inazama mpaka sakafuni. Mteja huyo huenda anawapeleka watoto shule.

Sababu zote hizo ziko kichwani mwa fundi mkuu. Anazijua kiasi kwamba hata hakumbuki kama anazijua. Kuzitoa kichwani kwake na kuziingiza kichwani kwa kijana hakuhitaji hoteli wala mtaalamu kutoka nje. Kunahitaji nusu saa, gari moja, na mtu aliyepewa jukumu hilo kwa jina lake.

Kinachotukwaza ni kwamba semina zimeliharibia jina hili neno mafunzo. Tunalijua lile bango ukumbini, daftari na kalamu za bure, chai ya saa nne, wali kuku, picha ya pamoja, halafu foleni ya kusaini posho. Watu wanarudi kazini na kila kitu kiko vilevile. Sina ugomvi na wali kuku. Ninachogomba nacho ni ile dhana kwamba mtu akishapokea cheti cha kuhudhuria, amefundishwa.

Wapo waliolazimika kulifikiria jambo hili kwa haraka kuliko sisi. Marekani, kati ya mwaka 1940 na 1945, viwanda vilivyokuwa vikitengeneza zana za vita vilijaa watu wapya ambao hawakuwahi kushika mashine, huku mafundi wazoefu wakienda jeshini. Ukaanzishwa mpango ulioitwa Training Within Industry, na zaidi ya watu milioni 1.5 wakapitia humo. Wasimamizi walifundishwa namna ya kufundisha, kwa hatua nne tu. Mwandae mtu: mtoe hofu, muulize anajua nini tayari. Mwonyeshe kazi kipande kwa kipande, ukimtajia cha kuzingatia na sababu yake. Mwache aifanye mwenyewe huku akikueleza kila anachofanya na kwa nini. Mwisho mwachie kazi, mwambie akikwama amwendee nani, nawe rudi kumkagua mara kwa mara. Baada ya vita mbinu hiyo ilivuka hadi Japani, na Toyota ni miongoni mwa kampuni zilizoipokea.

Hatua ya tatu ndiyo tunayoiruka sisi. Tunaonyesha, kisha tunauliza: "Umeelewa?" Na jibu linajulikana: "Nimeelewa, mzee." Kijana gani atamtazama mtu wa rika la baba yake, tena mbele ya wenzake, akamwambia hajaelewa? Heshima inamfunga mdomo, na kosa litakuja kuonekana wiki ijayo kwenye kazi ya mteja. Kwa hiyo acha kuuliza kama ameelewa. Mwambie: "Haya, sasa nifundishe mimi." Akikwama katikati utajua pale pale ni kipi hakikuingia, na hakuna atakayekuwa amevunjiwa heshima.

Pesa? Bosi, ulishaanza kulipa. Tanzania Bara, mwajiri wa sekta binafsi mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa kila mwezi tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, ambayo ni asilimia fulani ya jumla ya mishahara. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichoanza mwaka 2023, ukiwa na watu 20 wanaolipwa shilingi 400,000 kila mmoja, hiyo ni 280,000 kwa mwezi, yaani 3,360,000 kwa mwaka. Sehemu ya tozo hiyo ndiyo inayoendesha mafunzo ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Basi nenda VETA ukaulize wana nini kwa ajili ya watu wako! Wana hata urasimishaji ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa anachokijua, anazibwa mapengo, na anapewa cheti. Kenya mwajiri hulipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na mafunzo yakiidhinishwa anaweza kudai arudishiwe gharama. Anayelipa bila kudai anachostahili asimlaumu mtu.

Hata sheria ya Tanzania Bara iko upande huu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinamtaka mwajiri atoe mwongozo, maelekezo au mafunzo pale yanapohitajika, kabla hajamwachisha mtu kazi kwa sababu ya kiwango duni. Kwa hiyo lile swali la mwanzo si langu peke yangu. Unaweza kuulizwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hiyo jibu la "alitakiwa aangalie wenzake" halitakusaidia.

Najua hofu iliyobaki. Nimfundishe, kisha aondoke afungue gereji yake ng'ambo ya barabara? Ndiyo, wengine wataondoka. Wataondoka hata usipowafundisha, tofauti ni kwamba muda watakaokuwa kwako watakuharibia kazi. Fanya jaribio: kwa mwezi mmoja, andika kila kazi iliyorudi. Gari lililorudi, nguo iliyoshonwa ikafumuliwa, oda ya jikoni iliyorudishwa na mteja. Andika saa zilizopotea na vifaa vilivyotumika mara ya pili. Ukimaliza kujumlisha, niambie kama nusu saa ya asubuhi bado ni ghali.

Hofu ya fundi mkuu ni nzito zaidi, na hii mabosi hawaizungumzii. Anafanya ile kazi ngumu akiwa amewapa wenzake mgongo. Anamtuma kijana dukani wakati ule ule ambao siri ya kazi inafunguliwa. Tunamwita mchoyo, nami siafiki. Mtu ambaye thamani yake yote kazini ni kile anachokijua peke yake, ukimwambia akigawe bure, amepata nini? Mlipe kwa kufundisha. Mpe cheo cha mkufunzi, mwongeze kitu kwenye mshahara kwa kila kijana anayeweza kusimama mwenyewe, na mhakikishie mbele ya wote kwamba hakuna atakayemrithi kwa bei rahisi. Halafu utimize. Ukivunja ahadi hiyo mara moja, atakugeuzia mgongo tena, na safari hii hutampata.

Nawe uliye chini ya gari, nyuma ya kaunta au jikoni, usikae kusubiri mpango wa ofisi. Kila siku chagua jambo moja unalolifanya kwa mazoea na uulize kwa nini linafanywa hivyo. Uliza kwa adabu, wakati wa chai, mikono ya fundi ikiwa huru. Andika kwenye daftari. Siku ukihisi umeiva, mfuate: "Mzee, leo nifanye mimi, wewe uniangalie."

Akisita kukupa gari la mteja, ana haki. Mwendeeni bosi, mumwombe funguo. Anzeni na breki za gari lake.