Mafuta Yaliyopimwa Juani

Huku Kahama, mzee aliyewahi kushika gobore atakwambia kwamba adui wake mkubwa alikuwa masizi. Baruti nyeusi ikiungua huacha uchafu mzito mtutuni. Ukipiga mara kadhaa bila kusafisha, risasi inayofuata hugoma kushuka hata ukiisukuma kwa mdeki. Ndiyo maana bunduki za kushindilia zenye michirizi ndani ya mtutu zilitaka risasi ifungwe kwa kitambaa au karatasi yenye mafuta. Kitambaa hushika michirizi, mafuta hulainisha masizi. Watu wa nchi nyingi wamejaribu mafuta ya kila namna wakitafuta yanayofaa. Jaribio mojawapo, kila nikilikumbuka, hunitia hofu juu yangu mwenyewe.

Mwaka 1853 jeshi la Uingereza lilipata bunduki mpya iliyoitwa Enfield. Risasi na baruti yake vilifungwa pamoja katika karatasi, na upande wa risasi ukapakwa mafuta. Askari aliing'ata karatasi kwa meno, akamimina baruti mtutuni, kisha akashindilia risasi pamoja na karatasi yake. Mwaka huohuo vifurushi vya kujaribia vilipelekwa India, kwenye jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Askari wake wengi walikuwa Wahindu na Waislamu. Wakubwa walikuwa na swali moja tu: je, mafuta haya yatastahimili hali ya hewa ya huko? Askari wa Kihindi wakabebeshwa vifurushi hivyo kwa miezi, mafuta yakakaguliwa, na mwaka 1855 vikarudishwa Uingereza pamoja na taarifa. Jaribio likahesabiwa kuwa limekwisha.

Mafuta yalipimwa juani. Hayakupimwa kwa mdomo utakaoing'ata karatasi ile. Kwa Mhindu, mafuta ya ng'ombe mdomoni ni unajisi wa kumtenga na jamaa zake. Kwa Mwislamu, mafuta ya nguruwe ni haramu. Mafuta ya wanyama yalinunuliwa kwa wazabuni, bila kuhakikisha mnyama ni yupi.

Msomaji asidhani hakukuwa na wa kuonya. Desemba 1853, majaribio yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, Kanali Henry Tucker wa makao makuu ya jeshi la Kampuni huko Bengal aliandika kwamba vifurushi hivyo visigawiwe askari wa Kihindi mpaka ihakikishwe kuwa mafuta yake hayawachukizi kwa dini zao. Barua ilifika ofisini, na mambo yakaendelea kama yalivyopangwa. Jambo hili ndilo linaloniuma zaidi. Aliyejua alisema, akasema mapema, tena kwa maandishi.

Ishara ya pili ilikuwa ukimya. Askari waliobeba vifurushi vile hawakulalamika, na ni rahisi sana kuuchukua ukimya wa namna hiyo kuwa ridhaa. Nami nimeteleza hapohapo. Nikiwa kwenye kamati ya shughuli moja mtaani kwetu Nyasubi, nilinunua nyama bila kuuliza nani amechinja. Hakuna jirani aliyesema neno. Wakati wa kukusanya sahani ndipo nikaona ugali umeliwa na mchuzi umebaki vilevile kwenye sahani za watu wengi. Walikuwa wamenistahi tu. Na sisi wa ukanda huu hatuna udhuru wa kulichukulia jambo hili kwa wepesi, maana Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani ana haki ya kuchinja uligeuka vurugu, na mchungaji mmoja akauawa.

Januari 1857, kule Dum Dum karibu na Calcutta, ambako vifurushi vipya vilikuwa vikitengenezwa, kibarua wa tabaka la chini aliomba maji kwa askari wa tabaka la juu. Akanyimwa, kwa kuwa angekinajisi chombo. Kibarua akamjibu kwamba tabaka lake hilo litakwisha siku si nyingi, kwani wataing'ata karatasi yenye mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Maneno hayo yalienea kambi hadi kambi. Maofisa wa hapo waliyapeleka juu haraka, na kabla mwezi haujaisha serikali iliamuru vifurushi vitolewe bila mafuta, askari wapake wenyewe wanachokitaka, samli au nta. Baadaye wakaruhusiwa hata kuichana karatasi kwa vidole.

Ilikuwa hatua njema, ila imechelewa. Mafuta yaliondolewa, shaka ikahamia kwenye karatasi: mbona inang'aa hivi? Ndugu yangu, unapomficha mtu jambo la dini yake, au hata ukilisahau tu, siku ukija na maelezo ya kweli hatayapokea kama kweli. Na askari wale walikuwa na machungu mengine tayari, likiwemo la kutwaliwa kwa ufalme wa Oudh mwaka 1856.

Februari, kikosi cha 19 kule Berhampore kilikataa vifurushi. Machi 29, askari Mangal Pandey aliwashambulia maofisa wake kule Barrackpore; akanyongwa. Hata hivyo, Aprili 24 kamanda mmoja wa wapanda farasi kule Meerut aliwapanga askari 90 ili wafanye zoezi la vifurushi, ingawa alionywa wasilazimishwe. Walikataa 85. Mei 9 walifungwa minyororo mbele ya wenzao wote, wengi wao wakiwa wamehukumiwa miaka 10. Kesho yake, Jumapili, Meerut iliwaka kwa uasi. Siku iliyofuata waasi wakawa Delhi. Vita vilivyofuata viliua watu wengi mno, wakiwemo wanawake na watoto wa pande zote, na mwaka 1858 Kampuni ikanyang'anywa utawala.

Moto ule ulikigusa hata kikosi cha mtu aliyepita huku kwetu. John Hanning Speke, aliyekatiza Unyamwezi na Usukuma hadi Mwanza mwaka 1858, alikuwa ofisa wa kikosi cha 46 cha jeshi hilohilo la Bengal. Julai 1857, akiwa safarini kutoka pwani kuelekea Tabora, kikosi chake kiliasi kule Sialkot.

Na vile vifurushi ambavyo askari 85 wa Meerut walivikataa, wakafungwa kwa ajili yake, havikuwa na mafuta mapya hata kidogo. Vilikuwa vya aina ya zamani, ileile waliyoing'ata miaka yote bila wasiwasi.