Oili chafu haijamponya mbwa wako

Mbwa mdogo akianza kunyonyoka manyoya, washauri hawakawii. Mmoja atasema mpake oili chafu ya gereji, mwingine atasema mwogeshe kwa dawa ya josho, na wa tatu, anayejiona mjuzi kuliko wenzake, atakuelekeza duka la dawa za mifugo ukanunue ile sindano ya ng'ombe. Ushauri huu utausikia Nairobi, utausikia Dar es Salaam, na ulizoeleka tangu zamani kwa mbwa wa ulinzi wa kilo 25 au 30 anayelala nje. Sasa wamekuja Maltese, Pomeranian na Chihuahua wanaolala sebuleni na watoto, na tiba ni ile ile. Kinachonikera si watu kuhangaika kumtibu mnyama. Hilo ni jema. Kinachonikera ni kwamba katika washauri wote hao, hakuna hata mmoja anayeuliza manyoya yanatoka kwa sababu gani.

Kunyonyoka ni dalili, na nyuma yake kuna wahusika wasiofanana hata kidogo. Kuna utitiri wa demodeksi, unaoishi ndani ya vitundu vya manyoya. Mbwa karibu wote wanao, kwa kuwa mtoto huupata kwa mama yake katika siku za kwanza za kunyonya. Anayelemewa nao ni yule ambaye kinga yake haijakomaa au imedhoofika, na vipara huanza kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, mara nyingi bila kujikuna sana. Kuna utitiri wa sarkopti, ule wa upele wenyewe, unaochimba ngozi kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo, na kumnyima mbwa usingizi kwa kujikuna. Kuna choa, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Kuna mzio wa mate ya viroboto, unaonyonyoa mgongo karibu na shina la mkia. Halafu lipo kundi lisilo na mdudu wala kuvu: manyoya yanatoka pande zote mbili za mwili sawasawa, kichwa na miguu vinabaki nayo, na mbwa hajikuni kabisa. Hapo huenda tatizo ni tezi zilizo juu ya figo, zinazomwaga homoni kupita kiasi. Mwenye mbwa akiangalia vizuri ataona pia anakunywa maji mno na tumbo limening'inia. Pomeranian nao wana upara wao unaoonekana kufuata ukoo, ngozi ikageuka nyeusi ilhali mnyama ni mzima. Niambieni, oili ya gari itatibu tezi gani?

Najua jibu litakalonijia: mbwa wa jirani alipakwa oili chafu akapona. Sibishi kwamba alipona. Nabisha kuhusu aliyemponya. Demodeksi ya vipara vichache kwa mbwa mchanga kwa kawaida huondoka yenyewe ndani ya miezi michache, kinga inapokomaa, hata asipopewa dawa yoyote. Basi mtu akipaka oili, akipaka majivu, au asipopaka kitu, manyoya yataota, na sifa zote ataondoka nazo yule aliyekuwa karibu na mbwa siku hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila hapa mwenyeji alikuwa njiani kupona kabla mgeni hajabisha hodi. Na wale waliopakwa wakafa hawasimuliwi. Oili iliyotumika kwenye injini ina mabaki ya metali na kemikali za mafuta, na mbwa hujiramba. Anachopakwa mgongoni jioni, asubuhi kiko tumboni.

Kwa mbwa mdogo hatari hiyo ni kubwa zaidi, na hili ni suala la hesabu tu. Mbwa wa kilo 3, ukilinganisha kilo kwa kilo na mbwa wa kilo 30 mwenye umbo kama lake, ana ngozi karibu mara mbili. Maana yake kila unachomwogesha nacho kinampata mara mbili. Dawa ya josho yenye amitrazi, ambayo ng'ombe huivumilia, inaweza kumlegeza mbwa mdogo, ikapunguza mapigo ya moyo na kumshusha joto. Chihuahua hasa ni wa kuogopewa. Sindano nayo ndiyo mbaya zaidi. Ivermektini ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na mililita hiyo moja imekusudiwa ng'ombe wa kilo 50. Kwa kipimo hicho hicho cha ng'ombe, mbwa wa kilo 3 angestahili mililita 0.06, tone ambalo bomba la kawaida la sindano halipimi vizuri. Anayemchoma mililita moja "kwa makadirio" amempa zaidi ya mara 16. Mbwa akianza kuyumba, kutetemeka, asione mbele yake, watu watasema ugonjwa umepanda kichwani.

Wapo watakaosema daktari ni ghali na mbwa ni mbwa tu. Kuhusu ghali, kipimo cha kwanza cha ngozi kinahitaji wembe wa kukwangulia, tone la mafuta safi, kioo na hadubini. Si kipimo cha kusafirisha ng'ambo. Kuhusu mbwa ni mbwa tu, sarkopti humhamia mtu akawashwa, na choa huwafika watoto vichwani na mikononi, kwa hiyo anayedharau ngozi ya mbwa amedharau na ya mtoto wake. Pingamizi lenye nguvu ni jingine: kukwangua kwenyewe hukosea. Ni kweli. Sarkopti ni wachache na wamejichimbia, na mara nyingi hadubini haiwaoni ingawa wapo. Lakini daktari makini anajua hivyo. Atasugua ukingo wa sikio aone kama mguu wa nyuma utaanza kujikuna wenyewe, atauliza nani nyumbani anawashwa, na akiamua kutoa dawa ya majaribio atakuwa anajua anajaribu nini na kwa kipimo gani. Huyo hafanani na wa gereji.

Wala siwaachi madaktari. Wapo ambao mbwa akifika anajikuna, wanachoma steroidi na kupokea hela. Muwasho unatulia siku ile ile, mwenye mbwa anashukuru, kumbe dawa imeilaza kinga na kuwaachia utitiri na kuvu uwanja. Sindano hizo zikirudiwa mara kwa mara, zenyewe hunyonyoa manyoya na kuifanya ngozi kuwa nyembamba, na ugonjwa wa kwanza unafunikwa na wa pili uliotoka kliniki. Kwa hiyo, msomaji, ukimpeleka mbwa wako na daktari akashika bomba la sindano kabla hajakwangua ngozi wala kuuliza lolote, mzuie kwa adabu, umwombe akwangue kwanza. Akikataa, tafuta daktari mwingine.