Je, kunyamaza na maradhi ya uzazi ni subira?

Ninayotaka kuyasema leo kwa kawaida husemwa jikoni, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Nimeamua kuyaleta gazetini kwa sababu nimeona kuwa huko jikoni hayapatiwi dawa.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Karatu. Baada ya mtoto wa nne, arobaini ilipokwisha nilirudi kwenye shughuli zangu: ndoo za maji, kuni, na magunia ya vitunguu vya Mang'ola ninavyouza sokoni. Nikaanza kuona mambo. Nikikohoa, mkojo unanitoka. Nikipiga chafya, vivyo hivyo. Jioni nikiwa nimesimama muda mrefu nahisi uzito chini, kama kwamba kuna kitu kinataka kutoka. Katika swala ya tarawehe, kila nikiinuka kutoka kwenye sijda nilikuwa na shaka na udhu wangu. Mwaka wa kwanza nilikaa safu ya nyuma kabisa. Mwaka wa pili sikwenda. Nilimwambia mume wangu kwamba mtoto ananisumbua usiku, naye akaamini.

Nilipomweleza mama mkwe, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, huo ndio uzazi. Sote tumepita huko. Subiri tu." Hakuwa na nia mbaya. Alinipa kile alichopewa na yeye alipokuwa mke kijana.

Siku moja nilimpeleka mwanangu hospitali, ana homa. Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dada mmoja wa Kimaasai aliyeletwa kutoka upande wa Ngorongoro. Watu walikuwa wamemwachia nafasi kubwa, na kila mtu alijua sababu, maana harufu ya mkojo haifichiki. Nilisogea nikakaa karibu naye. Kwa Kiswahili chake kichache aliniambia kuwa uchungu ulimshika siku mbili nyumbani, mtoto akatoka amekufa, na tangu hapo mkojo haujakatika usiku wala mchana. "Mungu ndiye amependa," akasema. Nilishtuka, kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikijiambia mimi.

Swali la kujiuliza ni hili: je, ile hali yetu sote wawili ilikuwa ni subira?

Tuyajue maradhi kwanza

Chini ya nyonga ya mwanamke kuna misuli iliyotandazwa mithili ya kitanda cha kamba. Juu yake kumelala kibofu cha mkojo, kizazi na mwisho wa utumbo mkubwa. Mimba na kujifungua hulegeza kamba hizo, na wakati mwingine huzikata. Zikilegea, mkojo huponyoka mtu akikohoa au akinyanyua mzigo, na kizazi huweza kushuka. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha wanawake zaidi ya 1,000, ulikuta kwamba zaidi ya 6 katika kila 10 walikuwa wameshukwa kwa kiwango fulani, na karibu 7 katika kila 100 walikuwa katika hali mbaya. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na hali hiyo mbaya ni kuzaa mara nyingi, kujifungulia nyumbani na kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi. Basi mama mkwe alisema kweli kwamba wengi wamepita huko. Alipokosea ni kudhani kuwa jambo likiwa la wengi halina dawa.

Ya yule dada ni mengine. Yeye alipata fistula. Uchungu unapochukua muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama za njia ya uzazi, damu haifiki, nyama hufa na tundu hubaki kati ya kibofu na uke. Tundu hilo haliendi kwa kombe wala kwa mazoezi. Likigunduliwa mapema sana mpira wa mkojo huweza kusaidia, vinginevyo ni upasuaji. Upasuaji huo upo hapa hapa Tanzania, katika hospitali kama KCMC Moshi, Bugando Mwanza na CCBRT Dar es Salaam. CCBRT imekuwa ikiwafanyia akina mama hawa bure, na kwa miaka mingi imekuwa ikituma nauli kwa simu kwa wasio na uwezo.

Wala si maradhi mapya kwetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake cha tiba juu ya wasichana wanaoolewa wangali wadogo, kwamba uzazi unaweza kupasua kibofu chao na mkojo usizuilike tena. Mwanachuoni Mwislamu aliliandika jambo hili karibu miaka 1,000 iliyopita, na sisi leo tunaona haya kulitamka.

Mwanamke aliyechagua

Najua nitaambiwa kuwa katika Hadithi kuna mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume (s.a.w.), akapewa khiyari: asubiri na apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Je, huyo si ushahidi kwamba kuvumilia maradhi ni bora?

Hadithi hiyo ni sahihi, ameipokea Ibn Abbas (r.a.). Lakini tuitazame vizuri. Kwanza, yule mama hakunyamaza. Alikwenda mwenyewe na kueleza yanayompata, pamoja na kwamba anapoanguka mwili wake hufunuka. Pili, alielezwa njia zote mbili. Tatu, alichagua yeye, hakuchaguliwa na mume wala mkwe. Kisha akaomba angalau asiwe anafunuka, na Mtume (s.a.w.) akamwombea hilo. Hiyo ndiyo subira: mtu anajua, anaweza kuchagua, kisha anamridhia Mola wake.

Sasa mlinganishe na yule dada wa kwenye benchi. Hakuna aliyemwambia kwamba tundu lake linashonwa. Mlinganishe na mimi, ambaye sikuwa nimeambiwa kwamba misuli iliyolegea huweza kukazwa. Mtu asiyejua kuwa mlango upo hawezi kusifiwa kwa kutoufungua. Tukiita hali hiyo subira, tunampa sifa mgonjwa ili sisi tupate nafuu ya kutofanya kitu.

Na haya je?

Wengine watasema: haya ni sehemu ya imani, mambo haya ni ya sitara. Nakubali, na mimi sitaki mwanamke yeyote aanikwe. Lakini tujiulize sitara hii inamsitiri nani. Imran bin Huswayn (r.a.), Swahaba mtukufu, alikuwa na bawasiri. Hakuona aibu kumuuliza Mtume (s.a.w.) ataswali vipi, na jibu alilopewa, kuswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu, limewafaa wagonjwa wa umma wote hadi leo. Fatma bint Abi Hubaysh (r.a.) aliuliza juu ya damu yake isiyokatika, akafundishwa kwamba ule ni mshipa tu, asiache swala. Na Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kuijua dini yao. Lau wote hao wangenyamaza, sisi leo tungeswali vipi?

Hapa ndipo nilipoumia zaidi. Nilikimbia tarawehe kwa ajili ya udhu, ilhali fiqhi imeshatatua jambo langu zamani. Katika madhehebu ya Imam Shafii, mwenye mkojo usiozuilika hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, kisha huswali mara moja bila kuchelewa. Hufanya hivyo kwa kila swala ya faradhi, na kwa udhu huo huo huswali sunna apendavyo. Kinachotoka baada ya hapo amesamehewa. Nimekaa darsa nyingi za akina mama na somo la nifasi nimelisikia mara nyingi. Hili sikuwahi kulisikia hata mara moja.

Siku ile muuguzi mmoja, baada ya kumhudumia mwanangu, aliniona nasitasita mlangoni. Akaniuliza: "Na wewe mama, una tatizo gani?" Nikalia. Alinifundisha kubana misuli kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, nihesabu taratibu, niachie, nirudie mara 8 hadi 10, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu bila kukatisha. Alinieleza pia kwamba kizazi kikishuka sana kuna pete maalumu ya kukishikilia, na upasuaji upo. Yule dada aliandikiwa rufaa. Sijui kama alifika.

Usiku ule nilimweleza mume wangu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Kwa nini hukuniambia?" Nikamjibu: "Kwa nini hukuniuliza?" Tangu siku hiyo magunia anabeba yeye. Sijapona kabisa, lakini Ramadhani iliyofuata nilirudi kwenye safu.

Qur'an imetukumbusha kwamba mama alibeba mimba kwa taabu na akajifungua kwa taabu, na kwa ajili hiyo ikatuusia wema kwa wazazi. Basi wema huo uanze wapi? Mume amuulize mkewe. Mkwe aseme "twende hospitali" kabla ya kusema "subiri". Ustadhi afundishe udhu wa mwenye udhuru kama anavyofundisha nifasi. Na wewe dada unayesoma hapa huku umejifunga kitambaa, kasubiri, lakini kasubiri ukiwa njiani kwenda kwa daktari.

Wabillahi tawfiq.