Mtoto Asiyetulia, Je, Ana Hatia?



Hapa Lubumbashi tunawaona watoto ambao mwalimu anafundisha, nao mawazo yako mbali. Mtoto anatumwa kuleta maji, anarudi mikono mitupu, amesahau njiani. Kaye yake inapotea kila juma. Nyumbani anaitwa mkaidi, anapigwa. Wengine wanasema neno baya zaidi: huyu ni mlozi.

Tunauliza: kosa liko wapi? Kosa linataka nia. Anayekataa kusikia na asiyeweza kushika alilosikia si sawa. Wa kwanza anaonywa, wa pili anasaidiwa.

Madaktari wanafundisha kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya juma la 37 la mimba amezaliwa mbele ya wakati. Kabla ya juma la 32, mbele sana. Katika majuma yale ya mwisho ubongo hukua kwa haraka. Aliyeyakosa anaimaliza kazi hiyo nje ya tumbo, katika hatari ya baridi, magonjwa na taabu ya kupumua. Wengi wanakua vizuri. Lakini shida ya kushika mawazo inawapata zaidi kuliko wale waliotimiza miezi, na mara nyingi inaonekana wakati wa kuanza masomo, jamaa wameisha kusahau namna alivyozaliwa.

Kuhani Eli aliiona midomo ya Hana ikitikisika, akadhani amelewa. Alikuwa mtumishi wa Mungu, lakini macho yalimdanganya. Basi, kabla ya kuuliza mtoto ana roho gani, tumwulize mama: alizaliwa mwezi wa ngapi? Tena Katiba ya nchi yetu ya 2006 na Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 zinakataza kumshitaki mtoto ulozi.

Kuna atakayesema: samaki mkunje angali mbichi. Ndiyo, mtoto arudiwe, lakini kwa kipimo cha nguvu zake. Akae mbele darasani. Apewe agizo moja, akilimaliza apewe la pili. Kazi iwe fupi, kisha apumzike. Aonyeshwe kwa daktari. Maombi na dawa havigombani.

Aliyetangulia kuja duniani asilipishwe deni la majuma ambayo hakuyachagua.

Amani ya Bwana iwe nanyi.