Mama Anamwuguza Baba: Je, Ninyi Mko Wapi?



Huko Othaya, Tetu na Mukurwe-ini si ajabu kumkuta nyanya wa miaka sabini na zaidi akimwuguza mume wake aliyepooza kwa kiharusi. Alfajiri anamgeuza kitandani asipate vidonda vya mgongo. Anamwosha, anamlisha uji kwa kijiko, kisha anakwenda kumkatia ng'ombe majani. Pengine ana wajukuu pia wa kuwaandaa kwenda shule. Halipwi wala hapumziki. Hata Misa ya Jumapili humpita, kwa kuwa hana wa kumwachia mzee.

Watoto wake walio Nairobi au Nanyuki husema, "Mama yuko naye." Ni kweli. Siku ya arusi aliahidi kuwa naye katika afya na magonjwa, naye anaitimiza ahadi hiyo. Lakini ahadi yake haikufuti Amri ya Nne uliyopewa wewe.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana Yesu aliwakemea waliotaja mali yao kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, wasije wakawasaidia wazazi wao. Nasi tukitoa harambee kubwa kanisani huku mama anamwinua mzee peke yake, tuna tofauti gani nao?

Wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hupewa na serikali shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, lakini shilingi hazimgeuzi mgonjwa kitandani.

Basi, mume na mke, kaeni mzungumze. Msiulizane, "Ni mama ya nani?" Mlipofunga ndoa, wazazi wa pande zote mbili walikuwa wenu. Bwana, kumwosha baba yako ni kazi yako. Usimsukumie mke wako. Pangeni zamu na ndugu zenu, ili mama apate kwenda Misa na kulala usiku mzima. Mpelekeni naye akapimwe presha, maana anayeuguza huugua kimya. Iarifuni jumuiya ndogo ndogo, na mwombeni padre ampelekee mzee Komunyo.

Mwenye Heri Irene Stefani, ambaye watu wetu walimwita Nyaatha, alifariki Gikondi mwaka 1930 baada ya kumhudumia mgonjwa wa tauni. Mgonjwa yule hakuwa ndugu yake wa damu. Je, sisi tutashindwa kwa baba aliyetuzaa?

Watoto wenu wanatazama jinsi mnavyowatunza wazee. Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.